Tuvae vitambaa vyeusi siku ya fainali, au tucheze tu?

Swali: "Mwalimu, habari za Nakuru. Mimi ni nahodha wa timu ya soka ya wanawake hapa Kondele, Kisumu. Mwezi ujao tuna fainali ya kombe la mtaa na mgeni wa heshima ni mwanasiasa. Kaka wa beki wetu alipigwa risasi akafa wakati wa maandamano, na hadi leo hakuna aliyeshtakiwa. Wenzangu wengi wanataka tuvae vitambaa vyeusi, fulana zenye jina lake chini ya jezi, na tumpe mheshimiwa mgongo akija kutusalimia. Kocha anasema siasa ibaki nje ya uwanja. Wawili wetu wameahidiwa majaribio na timu ya polisi na wanaogopa. Je, ni sawa mwanamichezo kuandamana uwanjani?"

Nahodha, pole kwa msiba. Mfikishie beki wenu pole zangu pia, na mama yake.

Nianze na kocha, kwa sababu kauli yake nimeisikia tangu nilipokuwa na nguvu za kukimbia na kipenga mdomoni. Siasa ibaki nje ya uwanja. Uwanja upi? Mimi naishi Nakuru. Tarehe 2 Desemba 2012 Uhuru Kenyatta na William Ruto walitangaza muungano wao wa uchaguzi katika uwanja wetu wa Afraha. Aprili 2016, kesi zao za The Hague zilipokwisha, walirudi Afraha hiyo hiyo kutoa shukrani. Nyinyi mna Uwanja wa Moi, na kule Mamboleo mna uwanja wenye jina la Jomo Kenyatta, ambako watu wa Kisumu walienda kumuaga Raila Odinga Oktoba 2025. Wakati wa mashindano ya CHAN, Agosti 2025, Rais aliwaahidi wachezaji wa Harambee Stars shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kila mechi watakayoshinda. Sikusikia kocha yeyote akilalamika kwamba siasa imeingia uwanjani siku hiyo. Wala mimi sikulalamika, vijana walizitolea jasho.

Kwa hiyo siasa iko uwanjani, tena imeketi jukwaa kuu kwenye kivuli, na maji ya chupa imewekewa. Anayeambiwa aiache nje ni yule aliye juani. Hapo sikubaliani na kocha wako.

Jibu langu fupi ni ndiyo, mnayo haki. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka, mradi iwe kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ukivaa njumu haki hizo zinasimama. Kinachobadilika ni kwamba ukijisajili kwenye mashindano umekubali kanuni zake, na kanuni zina adhabu. Haki ya kusema unayo, na kadi unaweza kuipata vilevile.

Lakini hukuniuliza juu ya sheria peke yake. Umeniambia kuna wawili wanaoogopa, na mimi swali lako naliona pale. Nikupeleke Munich, 1972.

Fainali ya mita 400. Vincent Matthews wa Marekani wa kwanza, Wayne Collett wa Marekani wa pili, na wa tatu ni Julius Sang wetu. Wimbo wa taifa wa Marekani ukaanza. Collett, miguu mitupu, akapanda ngazi ya juu kusimama na Matthews. Wakasimama kizembe, mikono kiunoni, wakiongea wao kwa wao. Watazamaji wakawazomea. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikawafungia wote wawili wasishiriki tena Olimpiki. Sasa mwangalie Sang. Amesimama pale pale, na medali yake ya shaba, siku aliyoihangaikia maisha yake yote, na katika picha zote za siku hiyo yeye ni yule mwingine. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kisha mambo yakageuka kwa namna ambayo ingetungwa ungesema mtunzi ametia chumvi. Wamarekani, wawili wamefungiwa na John Smith ameumia paja, hawakuwa na watu wa kutosha wa kupokezana vijiti 4 x 400. Wakajiondoa. Kenya ikashinda dhahabu kwa dakika 2:59.83: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko, na wa mwisho ni Sang huyo huyo. Miaka minne nyuma, kule Mexico City, Kenya ilikuwa ya pili nyuma ya Wamarekani katika mbio hizo hizo. Mzee mmoja wa Kisii aliwahi kuniambia dhahabu ile tuliokota. Tulibishana hadi chai ikapoa. Dhahabu haiokotwi, mtu lazima akimbie, na kijiti cha mwisho cha Sang kilikuwa moto. Ila ni kweli kwamba maandamano ya watu wawili yaliwagusa wakimbiaji wenzao ambao hawakuwa na habari, na yakatugusa sisi.

Linganisha na picha ambayo kila mtu anaijua, ya Mexico City, tarehe 16 Oktoba 1968. Tommie Smith ameshinda mita 200 kwa sekunde 19.83, rekodi ya dunia, na John Carlos ni wa tatu. Wamevua viatu, wamebaki na soksi nyeusi kuonyesha umaskini wa watu wao, na kila mmoja ameinua ngumi yenye glavu nyeusi. Mtu wa tatu safari hii ni Peter Norman, mzungu wa Australia, mshindi wa pili. Smith na Carlos walimweleza kabla ya kupanda wanataka kufanya nini. Norman akaomba beji ya haki za binadamu kama waliyovaa wao, akaibandika kifuani. Hakuinua ngumi. Alichagua kiasi chake. Smith na Carlos walifukuzwa kwenye kikosi na wakarudi nyumbani kupokea vitisho. Norman naye hakupata shukrani nchini mwake hadi alipokuwa kaburini: alifariki 2006, Smith na Carlos wakaenda Australia kubeba jeneza lake, na bunge la Australia likaomba radhi 2012.

Tofauti ya picha hizi mbili, kwangu, haiko kwenye ngumi wala mikono kiunoni. Iko kwa yule aliyesimama kando. Norman aliambiwa mapema akaamua mwenyewe. Sang alishtukizwa.

Sisi Wakenya tunapaswa kulielewa hili kuliko wengi, maana wanariadha wetu walishafanywa mtu wa tatu na serikali, mara mbili mfululizo. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu na New Zealand haikuzuiwa kushiriki. Jambo lenyewe lilikuwa la haki. Mwaka 1980 tukasusia Moscow, safari hii tukifuata Marekani kwa sababu ya Wasovieti kuvamia Afghanistan. Marekani ilimtuma Muhammad Ali azunguke Afrika kuomba uungwaji mkono. Ali huyo huyo aliyekataa kwenda vitani Vietnam! Nyerere alikataa hata kumwona. Nairobi ilikubali.

Hesabu sasa waliolipa. Mike Boit, shaba ya mita 800 mwaka 1972, alikaa nje mara zote mbili akiwa katika miaka yake bora. Henry Rono, mtoto wa Nandi, mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Amefariki 2024 bila kukimbia Olimpiki hata moja. Ninaunga mkono kususia kwa 1976 mpaka kesho. Lakini waziri aliyetangaza hakukosa chakula cha jioni, na mkimbiaji alikosa maisha yake. Wanaosema wanamichezo wasitumie uwanja kwa siasa wangeanza na wenye magari ya bendera.

Basi kipimo changu ni hiki, nahodha: nani analipa, na je, amekubali? Feyisa Lilesa wa Ethiopia alipomaliza wa pili kwenye marathoni ya Rio, 2016, nyuma ya Eliud Kipchoge wetu, alikunja mikono juu ya kichwa kwa umbo la msalaba, ishara ya Waoromo waliokuwa wakiuawa kwao. Alilipa yeye: aliishi Marekani miaka miwili asiweze kurudi nyumbani hadi Oktoba 2018. Ushindi wa Kipchoge haukupungua hata sekunde moja. Henry Olonga, ambaye baba yake ni Mkenya, na Andy Flower walivaa vitambaa vyeusi Harare, Februari 2003, kwenye Kombe la Dunia la kriketi, kuomboleza demokrasia ya Zimbabwe. Waliandika taarifa, wakaisambaza kabla ya mechi, wakaingia kucheza. Walikuwa wawili tu kwenye timu nzima, mweusi na mzungu, na hawakumvuta mwingine. Olonga aliishia uhamishoni.

Hata Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani kwenye ligi ya NFL, ambaye vijana wenu wanamjua zaidi, alianza kwa kuketi wakati wa wimbo wa taifa. Aliyekuwa mwanajeshi mmoja akamwambia kuketi kunamuumiza, wakazungumza, ndipo akahamia kupiga goti. Baada ya msimu wa 2016 hakuna timu ya ligi ile iliyomsajili tena.

Turudi Kondele. Mna mambo matatu mezani na siyaoni sawa.

Kitambaa cheusi kwanza. Kisiwe na maandishi, na kifungwe mkono wa juu. Hii ni desturi ya kuomboleza inayojulikana kwenye soka kote. Mwombeni mwandaaji kwa maandishi na mwelezeni refa kabla ya mechi. Refa akishtukizwa huwa mkali, nakwambia kama niliyekuwa mmoja wao. Na kiwe cheusi kweli, si rangi inayofanana na ya chama chochote. Hapa kwetu, kuanzia bonde hadi ziwani, ishara husomwa ukabila na chama kabla haijasomwa msiba. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimuua Lucas Sang, mkimbiaji aliyetuwakilisha Olimpiki ya Seoul 1988, karibu na Eldoret. Mimi ninapowasihi mchunge rangi ya kitambaa, nina hayo kichwani.

Fulana zenye jina la marehemu, hapana. Hapa sikuambii maoni, nakuambia Sheria ya 4 ya soka. Vifaa vya mchezaji, pamoja na nguo za ndani anazozionyesha, haviruhusiwi kuwa na maneno au picha za kisiasa, za kidini au za kibinafsi, na maelezo yake yanataja jina la mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Adhabu inatolewa na mwandaaji, kwa mchezaji au kwa timu. Na akivua jezi kushangilia bao anapata njano papo hapo. Msidhani ni nyinyi tu mnaobanwa. Mwaka 2016 FIFA iliwatoza faini hata Waingereza kwa kuvaa ua jekundu la kuwakumbuka wanajeshi wao waliokufa, na kelele zilipozidi mwaka uliofuata maelezo ya sheria yakalegezwa kidogo: kumbukumbu ya tukio kubwa inaweza kuruhusiwa, wapinzani wakifikiriwa. Fainali ya mtaa haitapata bahati hiyo.

Mimi mwenyewe nimewahi kuitoa kadi hiyo. Kiwanja cha vumbi huku Kaptembwo, dakika za mwisho, kijana akafunga bao akainua jezi kichwani. Ndani fulana imeandikwa kwa kalamu ya wino: MAJI WIKI YA SITA. Watu wakapiga kelele za furaha mpaka mbwa wakabweka. Nilimwonyesha njano, na kwa kuwa alikuwa na nyingine, akatoka. Timu yake ilisawazishiwa ikiwa na watu kumi ikapoteza kwa penalti. Nilifuata sheria na ningefuata tena. Lakini usiku ule nilipofungua bomba la nyumbani kwangu, mtaa mwingine, maji yakatoka, sikufurahia kadi yangu. Kilichonikaa zaidi ni wenzake: kipa wao alilia akimwambia, ungetuambia tu, tungeingia nayo sote kabla ya mechi kwa bango. Mtu wa tatu tena.

La tatu, kumpa mheshimiwa mgongo. Sheria haina neno hapo, kusalimiana ni itifaki. Mimi nisingefanya. Si kwa sababu ya adabu kwa wakubwa, ingawa najua wazee wa Kondele watasema hivyo. Sababu yangu ni kwamba mkimgeuzia mgongo, kesho yake habari itakuwa yeye. Redio zitauliza kama mmetumwa na mpinzani wake, naye ataita mkutano kueleza alivyoumia, na kaka wa beki wenu atakuwa amezikwa mara ya pili. Mpeni mkono. Na kwenye mkono huo kuwe na barua, ukurasa mmoja: jina la marehemu, tarehe, mahali alipopigwa, na ombi moja tu, kwamba faili la uchunguzi lisonge. Akiipokea mbele ya kamera, amepokea deni. Akikataa kuipokea, amejigeuzia mgongo mwenyewe. Msomee mama yake barua hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote, maana marehemu ni wake. Akisema jina lisitajwe, lisitajwe.

Sasa wale wawili. Kifungu cha 239 cha Katiba kinawakataza watu wa vyombo vya usalama, polisi wakiwemo, kuendeleza maslahi ya chama au msimamo wa kisiasa. Wao bado hawajaapa, kwa hiyo hakiwafungi leo. Lakini tusidanganyane: wanachoogopa si kifungu, ni jicho la mtu atakayekuwa anachagua majina. Katika nchi hii timu za vikosi ndizo zinazompa msichana wa mpira mshahara, nyumba na bima. Kuwaambia wajitoe mhanga kwa msiba usio wao ni rahisi kwa mtu kama mimi mwenye pensheni. Waiteni kando, si mbele ya timu nzima, muwaulize. Wakitaka kuvaa, wavae. Wasipotaka, wacheze bila kitambaa, na wewe nahodha uwe wa kwanza kuwapasia mpira, ili kila aliye pale aone hamjagawanyika. Na kama wanataka kiasi cha kati, kama Norman na beji yake, wasimame nanyi dakika moja ya kimya kabla ya mpira kuanza. Hakuna mchaguzi atakayemhesabia mtu kosa kwa kuinamisha kichwa kwa ajili ya maiti.

Muda huo wa kabla ya kuanza ndio mzuri kuliko wote, na hata Olimpiki imeanza kukubali. Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki ilikuwa inakataza maonyesho yoyote ya kisiasa. Mwaka 2021 ililegezwa, mchezaji akaruhusiwa kujieleza uwanjani kabla mchezo haujaanza, na ndiyo maana timu kadhaa za soka za wanawake zilipiga goti Tokyo. Jukwaa la medali na mchezo wenyewe bado ni marufuku. Paris 2024, Manizha Talash, mcheza dansi ya breki (breakdance), mkimbizi kutoka Afghanistan, alifungua vazi lenye maneno ya kudai uhuru wa wanawake wa kwao katikati ya shindano, akaondolewa. Siipendi kanuni ya jukwaani. Mtu akishapewa medali ameimaliza kazi, na mabega ni yake. Lakini nakueleza ilivyo, si nitakavyo.

Kuhusu kocha, usimfanye adui. Ana timu ya kulinda na pengine ada ya usajili aliyolipa mfukoni mwake. Mwonyeshe mpango wote wa karatasi moja: kitambaa, dakika moja, barua, na majina ya watakaovaa na wasiovaa. Makocha wengi wanaogopa fujo kuliko msimamo.

Barua ya kuomba ruhusa iende kwa mwandaaji Jumatatu hii, usingoje wiki ya fainali. Peleka nakala mbili, ile yako igongwe muhuri na iandikwe tarehe ya kupokelewa. Wakikujibu kwa mdomo, omba waandike nyuma ya nakala hiyo hiyo, hata kwa kalamu ya penseli.